Kidole cha Baseme

Mwaka juzi mume wangu alirudi kutoka kwenye arusi ya binamu yake akichechemea. Alikuwa amevaa viatu vipya vya ngozi, vimechongoka mbele, na kwa siku nne baada ya arusi alikificha kidole gumba cha mguu ndani ya soksi nene, akitumaini kwamba kikiachwa bila kutazamwa kitapona chenyewe. Siku ya tano akakaa ukingoni mwa kitanda, akavua soksi. Kabla sijaona kitu, harufu ilinifikia. Ilikuwa na utamu ndani yake, na huo ndio uliokuwa ubaya wake: utamu wa sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyolala siku tatu kwenye sufuria iliyofunikwa, na chini ya utamu huo kitu kama msumari wenye kutu. Nilikimbia nje, nikainama kwenye mpapai, nikatoa chakula chote cha mchana.

Mume wangu ni mtu mpole. Alinifuata akirukaruka kwa mguu mmoja mpaka mlangoni, akasema kwa sauti ya mtu aliyeumizwa moyo: "Mama Chantal, miaka yote hii, leo miye njo nakutapisha?"

Nikamwambia si yeye, ni mbwa. Haikumfariji. Basi ikabidi nimweleze, na kwa kuwa nimeshaanza kueleza, acheni niwaeleze na ninyi. Ila kama mnakula, malizeni kwanza.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa Lubumbashi, kwenye kambi ya wafanyakazi wa migodi, nyumba za matofali zilizofanana kiasi kwamba walevi waliingia kwa jirani na kuvua viatu kabla ya kugundua. Babu yangu alishuka kutoka kaskazini mwa Katanga akiwa kijana ili aingie mgodini. Baba alizaliwa kambini, nami vilevile. Lakini mwaka ule kambi ilikuwa inakufa sisi tukiwa ndani yake. Mishahara ilikuwa imekatika. Baba aliendelea kuamka alfajiri, akavaa nguo yake ya bluu ya kazi, akaenda karakana kukaa na wenzake mbele ya mashine zilizozimwa, kisha akarudi jioni amechoka kweli. Shule ilifungwa kwa sababu walimu nao walikuwa na watoto wa kulisha. Zahanati ilifungwa kwa sababu dawa ziliisha, kisha magodoro yakaisha, kisha milango yenyewe ikaondoka.

Mama alikuwa amefanya kazi katika zahanati hiyo miaka kumi na miwili. Alikuwa fille de salle, yaani yule mwanamke wa kuosha vidonda, kumwaga mabeseni na kufua mashuka yenye damu. Hakuna kilichotoka mwilini mwa mtu kilichomtisha. "Mikono inanawaka tu," alisema, akageuka kwenye beseni jingine.

Mimi sikurithi tumbo lake. Nilikuwa mtoto wa kinyaa. Niliona kinyaa kwa utando wa maziwa, kwa unywele kwenye sabuni, kwa mlio wa baba akifyonza mfupa. Na kuliko vyote niliona kinyaa kwa mbwa, maana nilishawahi kuona wanachokula nyuma ya vyoo vya kambi.

Ng'ambo ya ukuta mfupi wa ua wetu alikaa Mama Mbuyi, fundi cherehani wa kambi nzima, pamoja na mumewe, karani wa bohari, na binti yao Bea, rafiki yangu wa kila saa. Babu zao walitoka jimbo jirani la Kasai kuja kufanya kazi ileile iliyowaleta babu zetu. Tulichukulia kwamba sote tulitoka kwingine na sote tulikuwa wa pale. Walikuwa na mbwa wa rangi ya vumbi, sikio moja limekatika nusu, jina lake Baseme. Mama Mbuyi alimpa jina hilo kwa ajili ya majirani waliokuwa wakimsengenya: acha baseme, yaani waache waseme. Kila alipomwita mbwa wake kwa sauti kubwa, majirani walipata salamu zao.

Kisha maneno yakabadilika. Sijui nani aliyaanza. Mtoto hayaoni maneno yakianza, anayakuta tu yameshaingia ndani ya nyumba. Kwenye redio, kwenye mikutano, kwenye foleni ya maji, watu waliotoka Kasai wakaanza kuitwa bilulu, yaani wadudu. Nami niliyekuwa mtoto wa kinyaa nilijua wadudu wanafanywa nini.

Walikuja asubuhi, vijana wenye matawi na fimbo, wakiimba. Waliwapa watu wa Kasai muda wa kufunga mizigo wanayoweza kubeba na kwenda kungojea treni ya kuwarudisha kwao, huko ambako Bea hakuwahi kufika hata kwa matembezi. Bea alikuja ukutani akiwa amevaa nguo mbili, moja juu ya nyingine.

"Odi," aliniambia, akikata jina langu kama kawaida yake, "Baseme hataweza kuenda na siye ku gare. Umuchunge."

Gare ndiyo stesheni ya treni. Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo kwa sababu alikuwa analia, si kwa sababu nilimtaka mbwa.

Mchana, kaka yangu mkubwa, yaya Floribert kama tulivyomwita kwa heshima, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, aliingia nyumba ile na rafiki zake watatu. Nilipanda juu ya ndoo nikachungulia. Walitoa kabati la nguo, kila mmoja kwenye kona yake. Baseme alikuwa amekata kamba yake na aliwarukia suruali, akibweka mpaka sauti ikakauka. Floribert akasema, "Shusheni, nipumue," akateremsha kona yake. Mlio alioutoa mbwa yule sitauandika, maana sijui herufi zake. Sijui kama kaka yangu aliuona mguu wa mbwa chini ya kona yake kabla ya kuiteremsha. Nilimwona akitazama chini baadaye, halafu akainua tena kabati, na mbwa akapotea nyuma ya nyumba kwa miguu mitatu.

Vitu vikaja kwetu: kabati, mapazia ya kijani yenye maua meupe ambayo Mama Mbuyi alikuwa ameyashona mwenyewe, na sufuria kubwa ya aluminiamu yenye mfuniko. Jioni tulikula bukari, ule ugali wetu wa mahindi, uliosongwa ndani ya sufuria hiyo.

Baba aliuliza mara moja tu. "Hii iko ya nani?"

"Tunabachungia bintu byabo, papa," alijibu Floribert.

Baba akanawa mikono, akala. Mimi nikala. Mama alisema ameshiba.

Siku ya tatu ndipo tulipompata Baseme, au tuseme harufu yake ndiyo iliyotupata sisi. Mama alikuwa anafua. Aliacha nguo majini, akanyoosha shingo kama mtu aliyeitwa jina lake, akaenda moja kwa moja nyuma ya karo, akainua bati bovu lililokuwa limeegemezwa pale. Akaniita nishike kichwa cha mbwa.

Nilitaka kukataa. Niliona mguu wa mbele wa kulia, nikaona kwamba kidole cha kati kimekuwa kikubwa kuliko vingine vyote vikiwekwa pamoja, kimevimba mpaka manyoya yamesimama mbalimbali na ngozi inang'aa katikati yake. Ukucha ulikuwa umeng'oka kwenye shina lakini haukuanguka. Ulikuwa umegeuka juu, unaning'inia kwa kipande cha nyama, na kila mbwa alipopumua ulitikisika kidogo. Chini yake kulikuwa na usaha wa rangi ya uji wa soya, na ndani ya usaha kulikuwa na kitu kinachotembea. Nilitazama sana ili niwe na hakika kwamba sioni vibaya. Walikuwa weupe, wanene, vichwa vimezama ndani na mikia iko nje, wanachezacheza kama watoto wanaonyonya.

Nilitapika papo hapo, karibu na ndoo ya sabuni. Mama alinisubiri nimalize, akanipa maji nisukutue, kisha akanirudishia kichwa cha mbwa mikononi.

"Nani alimuumiza?" aliuliza.

"Motokari," nikasema.

Mama alinitazama. Hakukuwa na gari lililopita kambini wiki nzima ile, hapakuwa na petroli mjini. Hakuuliza tena.

Alileta chumvi, maji ya moto, koleo ya baba, na kichupa kidogo cha permanganate, dawa ya kuoshea vidonda, alichokitoa zahanati siku milango ilipoondoka. Ni punje nyeusi zinazogeuza maji kuwa ya zambarau, na zinapaka vidole rangi ya kahawia isiyotoka. Alimfunga mbwa mdomo kwa kitambaa, akaloweka mguu ndani ya beseni mpaka wale weupe wakaanza kujitoa wenyewe na kuelea. Waliobaki aliwatoa mmoja mmoja kwa pini ya nywele, akawaweka mfululizo juu ya tofali. Floribert alikuwa amesimama mlangoni akila muwa. Alicheka, akasema mama ameanza kutibu bilulu.

Mama hakugeuka. Alichukua mmoja kwenye ncha ya pini, akamwinua juu ili sote tuone.

"Kilulu njo hii," alisema. "Muitazame muzuri. Hii njo kilulu."

Akaendelea na kazi. Floribert alitema makapi ya muwa, akaondoka.

Kisha ikaja zamu ya ukucha. Mama alishika koleo, akaniambia nisimwangalie mbwa machoni. Nilimwangalia. Ulitoka kwa mlio mdogo, mlio wa kuvunja njugu, na damu nyeusi ikafuata, kisha usaha mwingi ambao sikuelewa ulikuwa umekaa wapi ndani ya kidole kimoja. Tone moja liliruka likatua kwenye mdomo wangu wa chini. Sikuweza kuliondoa kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika kichwa. Nilikaa nalo. Nadhani nililia. Mama alipomaliza kubana alinifuta kwa ukingo wa kitenge chake kama mtu anayefuta makombo.

Alikuwa na vidonge vinne vya tetra, dawa ya kukausha usaha, vilivyobaki, vile vyenye rangi nyekundu na manjano, amevihifadhi ndani ya kopo la maziwa kwa ajili yetu sisi watoto. Alifungua kimoja, akanyunyiza unga wake juu ya kidole. Baba alikuwa amerudi, akasimama na nguo yake ya bluu.

"Bantu banakufa na homa," alisema, "weye unatia tetra ku imbwa?"

"Ndiyo," mama akasema.

Nilingoja maneno zaidi, kwa maana baba hakuwa mtu wa kujibiwa neno moja. Alikwenda kunawa mikono. Mama alisimama kwenye kiti, akashusha pazia moja la kijani, akachana ukanda mrefu chini yake. Sauti ile ya kitambaa kuchanika ilisikika nyumba nzima. Akafunga mguu.

Mbwa akaufungua kwa meno ndani ya dakika kumi, akala sehemu. Ndipo mama alipokata ndoo ya plastiki chini, akampitisha kichwa, akaifunga kwenye shingo kwa kamba. Kambi nzima ilikuja kumtazama mbwa aliyevaa ndoo. Aligonga milango, alikwama kati ya miguu ya kiti, na alipokunywa maji alilazimika kuizamisha ndoo yote na kutoka akiwa amelowa hadi masikioni. Ilikuwa miezi ambayo watu hawakucheka sana. Walicheka.

Kuanzia siku ya tano mama aliniachia kazi. Asubuhi na jioni: chumvi, maji ya zambarau, kubana, unga, ukanda mpya wa pazia. Msidhani nilizoea. Watu husema mtu huzoea. Kila asubuhi nilipofungua kitambaa kilikuwa kimegandia kidonda, na kilipoachia kilitoa mlio laini wa kunyonya ambao mpaka leo nikiusikia kwenye kitu chochote, hata kwenye gundi ya karatasi, nywele zinanisimama. Nilijifunza kupumua kwa mdomo, kisha nikaona kwamba kwa mdomo nilikuwa naionja ile harufu, nikarudia pua. Vidole vyangu vilikuwa vya kahawia kama vya mvuta tumbaku. Wasichana wenzangu hawakutaka kucheza nami. Usiku nilinawa tena na tena na bado nilihisi lile tone mdomoni.

Mbwa yule, kwa upande wake, alinipenda. Hilo nalo lilinikirihi. Alinifuata na ndoo yake, akanilamba magoti kwa ulimi uleule. Kwa Floribert alinguruma kila alipopita, na Floribert alizunguka kupitia nyuma ya nyumba ili kuingia kwa mama yake mwenyewe. Mimi nilijua kwa nini. Nilisema moyoni kwamba hakuna aliyeniuliza, jambo ambalo halikuwa kweli.

Wakati huo mama alikuwa anakonda. Alipika kwenye ile sufuria kubwa kwa sababu Floribert alikuwa ameiuza yetu, akatugawia, kisha akatoka nje kutafuna muhogo mkavu kwenye kizingiti. Tulipomwuliza alisema harufu ya mbwa imemfunga tumbo. Nilimwamini, tena nilifurahi: nilidhani hatimaye mama yangu naye ameonja kinyaa na tumefanana. Nilikuwa mtu mzima, nina jiko langu, nilipojiuliza jinsi gani mwanamke aliyeosha vidonda vya watu miaka kumi na miwili angeshindwa kula kwa sababu ya kidole cha mbwa. Hakuwa ameshindwa na kidole.

Kidonda kilianza kufunga wiki ya tatu. Usaha ukawa maji, maji yakakauka, na mahali pa ukucha pakabaki nyama nyekundu inayong'aa, mbichi kama ulimi. Niliichukia pia. Lakini Baseme alianza kugusa chini kwa ncha ya mguu, mara moja, kisha mara mbili, na siku moja akasahau kwamba anaumwa akamkimbiza kuku.

Mwanamke mmoja wa kambi aliyekuwa akiuza mihogo ya kuchemsha kwenye stesheni alileta salamu: treni haijafika bado, watu wako palepale, na Bea anamuulizia mbwa wake.

Mama akasema, "Umupeleke."

"Tuende bote."

"Miye niko na kazi," alisema. Hakuwa na kazi.

Nilimvua Baseme ndoo, nikamfunga ukanda mpya, mpana, ili njia isimchafue, nikaenda naye kwa kamba. Alitembea vizuri. Nilijivuna sana njiani. Nilikuwa nimefanya jambo la kunichukiza kila siku kwa wiki tatu na sasa nilikuwa naenda kupokea shukrani yake.

Stesheni niliinusa kabla ya kuiona. Watu walikuwa wamelala pale majuma mengi, maelfu, chini ya mashuka na maplastiki, na mvua zilikuwa zimeanza. Walijisaidia kandokando ya reli kwa sababu hakukuwa na pengine. Matope yalikuwa na rangi ambazo matope hayana. Niliweka ukingo wa nguo yangu puani na nikapita kati ya magodoro nikitazama ninapokanyaga, mpaka Baseme akaivuta kamba ikanitoka mkononi.

Alikuwa amemwona Bea. Mimi sikumtambua. Alikuwa amenyolewa kipara kwa sababu ya chawa, kichwani ana vidonda vyenye maganda, na miguu imekuwa myembamba. Alimkumbatia mbwa, akainuka, akanijia mikono imefunguliwa.

Nilirudi nyuma. Ilikuwa nusu hatua, labda hata nusu haikufika. Mwili uliamua wenyewe, kama vile unavyoamua kutapika. Bea alisimama, akashusha mikono, akajipangusa kwenye nguo kana kwamba ndilo alilokuwa amekusudia kufanya.

"Kuya umusalimie mama," alisema.

Mama Mbuyi alikuwa amekaa kwenye godoro, mumewe amelala nyuma yake akikohoa. Nilimwamkia, akaniitikia kwa jina langu lote, Odette, kama zamani. Alimwita Baseme, akaupakata mguu wake. Kisha akaushika ukanda wa kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, akausugua polepole, jinsi mafundi wa nguo wanavyosugua kitambaa dukani kabla ya kununua. Kijani, maua meupe. Mimi nilisimama nikitabasamu. Nilijua kitambaa kile kilitoka wapi, nilikuwa nimekichana mwenyewe mara nyingi, na haikunipitia hata kidogo kwamba yeye pia anajua.

Akaufungua. Akatazama kidole, akakibonyeza pembeni, mbwa hakulia.

"Iko muzuri," alisema. "Nani alisafisha?"

"Miye na mama."

Alikunja kingo za kitambaa kwa ndani, zile nyuzi zilizokuwa zinaning'inia ambazo mimi sikuwahi kuzijali, akafunga mguu upya, kwa fundo dogo zuri.

"Ambia mama yako aksanti," alisema.

Baseme alibaki kwao. Alikuwa amelala juu ya miguu ya Bea na hakuna aliyezungumza habari ya kumwondoa. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, nikamkuta mama akipepeta unga uani, nikampelekea ile aksanti kama mtoto anayeleta alama nzuri za mtihani. Nikamweleza yote: jinsi Mama Mbuyi alivyolishika pazia na kulitazama, jinsi alivyozikunja kingo zake.

Mama aliweka ungo chini. Akakaa palepale kwenye vumbi, miguu imenyooka mbele, na unga ukapeperuka kidogo kidogo bila yeye kuuzuia. Hatukupika siku ile.

Asubuhi yake alishusha mapazia yote. Akasugua sufuria kwa majivu mpaka ikang'aa kama mpya, akaviringa kila kitu ndani ya kitenge, akajitwika. Floribert alisema, "Mama, uache, batasema nini?" Alipita mbele yake akashika njia ya mjini.

Alirudi jua likiwa kichwani, na mzigo uleule, umefungwa kwa fundo lilelile.

"Bameshaenda," alisema. "Treni ilishawabeba."

Aliusukuma mzigo chini ya kitanda, na hakuna aliyeugusa tena. Tulipika kwenye kopo la mafuta. Kabati Floribert aliliuza, na baada ya miezi akaenda Kipushi kufanya biashara ya mpakani. Leo ni babu, ana sauti nzuri ya kuimba kanisani, wajukuu wanampanda magotini. Sijawahi kumwuliza kama aliuona mguu.

Bea nilionana naye tena mwaka jana, kwenye mazishi ya shangazi yake, katika mtaa wa Hewa Bora hapahapa Lubumbashi. Alikuwa mama mnene, mfanyabiashara, ana nywele ndefu za kununua na kicheko kikubwa. Tulikaa kwenye viti vya plastiki tukazungumza kuhusu watoto. Akaniambia Baseme walisafiri naye kwenye behewa la wazi, akaishi miaka mingi huko Kasai, na kwamba ukucha uliota tena lakini umepinda, unagonga sakafuni kila akitembea. Ile nusu hatua yangu hakuitaja. Nami sikuitaja. Kila siku nasema nitampigia simu.

Nilimwambia ninasikitika kwamba mama yangu alikuja na vitu vyao kesho yake, akakuta wameshaondoka.

Bea alinitazama kwa mshangao. "Siye hatukukuwa tumeenda," alisema. "Treni ilikuya kisha siku tatu. Mama yako tulimuona. Alisimama pale ku ukuta, na muzigo ku kichwa, asubuhi mpaka jua kali. Alikuwa anatutazama. Miye nilitaka kukimbia nimuite."

"Kwa nini hukumwita?"

"Mama alinishika ku nguo. Alisema, musimutazame. Akijua tunamuona, hataweza kurudia ku nyumba. Njo tukageuka, siye bote, hata papa na kikohozi yake. Tukamupa mugongo mpaka akaenda."

Mama yangu alikuwa amefariki miaka sita kabla ya siku hiyo. Maisha yangu yote nilikuwa na mama aliyechelewa treni. Sasa nina mwingine, aliyesimama nusu siku na sufuria safi kichwani, hatua chache kutoka kwa jirani yake, miguu ikakataa. Wa kwanza alikuwa rahisi kumkumbuka. Huyu wa pili ndiye aliyenilea.